Jinsi ya Kujenga Taaluma ya Uwakili wa Fidia kwa Wafanyakazi

Wanafunzi wengi wa sheria huijua fidia kwa wafanyakazi kama sura fupi iliyo mwishoni mwa somo la sheria za kazi, ambayo husomwa haraka kabla ya mtihani na kuachwa hapo hapo. Kwa mbali eneo hili huonekana kuwa ni kazi ya kujaza fomu na kungojea hundi. Anayelikaribia hukuta kwamba humo sheria imechanganyika na utabibu, hesabu na ufundi wa kazi za watu wengine, na kwamba madai mengi hayaamuliwi kwa umahiri wa kuzungumza mbele ya hakimu bali kwa karatasi mbili tatu ambazo siku ya ajali hakuna aliyezitilia maanani: maandishi ya kwanza ya hospitali, hati ya mshahara na taarifa aliyopewa mwajiri. Mwongozo huu unamlenga mwanafunzi au wakili kijana anayefikiria kulifanya eneo hili kuwa kazi yake ya kudumu, na unaanzia pale ambapo pasipoeleweka mengine yote huyumba.

Yaelewe kwanza mapatano yaliyozaa sheria hii

Mwaka 1837 mahakama ya Uingereza iliamua shauri la Priestley dhidi ya Fowler. Kijana aliyekuwa akimtumikia muuza nyama alivunjika paja baada ya gari la kukokotwa, lililopakiwa mizigo kupita kiasi, kuharibika njiani, naye akamdai tajiri wake fidia. Mwishowe alishindwa. Kutokana na uamuzi huo na mingine iliyofuata Uingereza na Marekani, waajiri wakajipatia ngao tatu: kwamba aliyekosea ni mfanyakazi mwenzako wala si mimi, kwamba wewe mwenyewe ulichangia kwa uzembe wako, na kwamba ulizijua hatari za kazi hii ukaikubali. Mfanyakazi aliyeumia alilazimika kuzivunja ngao zote tatu akiwa hana mshahara, hana afya na mara nyingi hana wakili.

Ujerumani ilitunga sheria ya bima ya ajali kazini mwaka 1884, na Uingereza ikafuata mwaka 1897 kwa sheria yake ya fidia. Marekani ilichelewa, na kuchelewa kwake kuna funzo. Jimbo la New York lilitunga sheria mwaka 1910, lakini mahakama yake ya juu ikaibatilisha tarehe 24 Machi 1911 kwa hoja kwamba ilikuwa ikimnyang'anya mwajiri mali yake bila kosa lolote. Kesho yake, tarehe 25 Machi, moto uliteketeza kiwanda cha nguo cha Triangle katika jiji hilo hilo na kuua watu 146, wengi wao wasichana. Ilibidi katiba ya jimbo irekebishwe ndipo sheria mpya ipite, na mwaka 1917 Mahakama Kuu Kabisa ya Marekani ikaithibitisha.

Kilichozaliwa na misukosuko hiyo ni mapatano. Mfanyakazi anaacha haki yake ya kumshtaki mwajiri kwa uzembe, na badala yake anapata malipo ya hakika ambayo yana kikomo, bila kutakiwa kuthibitisha kosa la mtu yeyote. Mapatano haya hayafanani kila mahali. Uingereza, kwa mfano, tangu mwaka 1948 hulipa mafao ya serikali kwa majeruhi wa kazini na bado humwachia nafasi ya kufungua kesi ya uzembe. Kwa hiyo jambo la kwanza la kuliuliza kuhusu sheria ya nchi unayotaka kufanyia kazi ni hili: je, mlango wa kesi ya kawaida umefungwa kabisa, umefungwa nusu, au uko wazi? Na hata pale ulipofungwa dhidi ya mwajiri, kwa kawaida hubaki wazi dhidi ya mtu wa tatu, kama vile mtengenezaji wa mashine yenye kasoro au dereva wa nje aliyemgonga mfanyakazi akiwa kazini. Wakili asiyemtafuta mtu huyu wa tatu humpunja mteja wake bila yeyote kati yao kujua.

Masomo na mahali pa kuanzia

Njia rasmi ni ile ile ya mawakili wote: shahada ya sheria, mafunzo kwa vitendo, mitihani ya uwakili na kuapishwa. Sina mengi ya kuongeza hapo, isipokuwa kwamba uchaguzi wa masomo ya hiari hufaa ufanywe kwa jicho la mbali. Sheria ya ushahidi na sheria ya utawala zitakufaa kuliko unavyodhani, kwa kuwa madai mengi huanzia kwa afisa au baraza na kufika mahakamani kwa njia ya rufaa tu. Sheria ya bima ni ya lazima. Sheria ya ndoa na mirathi nayo itakujia siku mfanyakazi atakapokuwa amefariki na wategemezi watakapoanza kujitokeza mmoja baada ya mwingine, kila mmoja na cheti chake.

Zaidi ya hayo, jifunze mwili wa binadamu. Si lazima uwe daktari, ila inatakiwa ujue diski ya uti wa mgongo iko wapi na inapochomoza hubana nini, neva ya kiganjani hupita wapi, na kwa nini bega lililochanika kano haliwezi kuinua mkono juu ya kichwa. Kitabu kimoja cha anatomia kwa wanafunzi wa uuguzi, kikisomwa polepole kwa miezi sita, hutosha kukutoa gizani.

Kuhusu ajira ya kwanza, milango ni mingi: ofisi za mawakili wanaowatetea wadai, idara za sheria za vyama vya wafanyakazi, kampuni za bima na mifuko ya fidia ya serikali. Wengi wanaotaka kuwatetea wafanyakazi huona haya kuanzia upande wa bima. Maoni yangu ni tofauti. Mwaka mmoja au miwili upande ule humfundisha mtu jinsi mkadiriaji wa madai anavyofikiri: fedha kiasi gani hutengwa mara tu taarifa inapoingia, ni upungufu upi katika jalada unaomfanya akatae, na ni ushahidi upi unaomfanya alipe bila kubishana. Elimu hiyo haiuzwi darasani. Ukihama upande baadaye, zingatia tu kanuni za mgongano wa maslahi, kwa maana huwezi kugeuka dhidi ya mteja wako wa jana kwa kutumia siri alizokukabidhi.

Mahojiano ya kwanza

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, na hapa ndipo mawakili wengi huharakisha. Yapata mwaka 1700 daktari wa Italia, Bernardino Ramazzini, aliwashauri madaktari wenzake waongeze swali moja katika yale waliyozoea kumwuliza mgonjwa: unafanya kazi gani? Swali hilo ni la wakili pia, ila yeye asitosheke na jibu la neno moja. "Mpakiaji wa ghalani" ni jina la kazi, na jina la kazi halimuumizi mtu. Kinachoumiza ni gunia la kilo 50 linaloinuliwa kutoka sakafuni hadi rafu iliyo usawa wa kifua, mara 30 kwa saa, huku kiwiliwili kimepinda upande wa kushoto kwa sababu njia kati ya rafu ni nyembamba.

Ili kuyapata hayo, mwache mteja aanze tangu anapoingia langoni. Mwulize alivaa nini, alikabidhiwa kazi na nani, mzigo ulikuwa upande gani, alisimama wapi, nani alikuwa karibu. Mpe karatasi na kalamu achore. Mtu ambaye hawezi kueleza mashine kwa maneno huweza kuichora kwa dakika mbili, na mchoro wake mara nyingi huonyesha jambo ambalo wala yeye wala wewe hamkujua kuwa ni muhimu, kwa mfano kwamba swichi ya kuzimia mashine iko upande usiofikika na mtu ambaye mkono wake umeshanaswa.

Baada ya hapo mwulize alisema nini hospitalini, na kwa nani. Usilipite swali hili. Muuguzi wa zamu aliyekuwa na wagonjwa 20 wanaomsubiri huenda aliandika "maumivu ya mgongo kwa siku tatu" na kuishia hapo. Hakuna gunia, hakuna ghala, hakuna kazi. Mwaka mmoja baadaye mstari huo mmoja utasomwa kwa sauti na wakili wa upande wa pili, na kiapo chako cha kurasa kumi kitaonekana kama hadithi iliyotungwa ofisini. Ukiugundua mapema, unaweza kumtafuta daktari aliyemhudumia mteja siku zilizofuata, au mfanyakazi mwenzake aliyemshika mkono kumtoa ghalani, au msimamizi aliyemruhusu kuondoka kabla ya muda. Ukiugundua siku ya kusikilizwa shauri, umechelewa.

Mwulize pia juu ya maumivu ya zamani. Wateja huficha, kwa kuwa wanadhani mgongo uliowahi kuuma utawanyima haki. Sheria nyingi huyakubali madai ambapo kazi imezidisha hali iliyokuwapo. Zinachokataa ni udanganyifu. Mweleze hivyo waziwazi kabla hajakujibu, nawe utapata jibu la kweli.

Kabla mteja hajainuka kitini, andika katika shajara yako tarehe nne: ya kuumia, ya kumjulisha mwajiri, ya mwisho ya kufungua madai, na, kama ni ugonjwa, ya siku alipofahamu kwamba ugonjwa wake unatokana na kazi. Ukomo wa muda huua madai mengi kuliko ubishi wa madaktari, na ni kosa ambalo wakili huwa hana wa kumsingizia.

Maneno machache yanayobeba ubishi wote

Sheria ya Uingereza ya mwaka 1897 ilidai kwamba ajali iwe imetokana na kazi na iwe imetokea wakati wa utumishi, na fungu hilo la maneno likasambaa hadi katika sheria za nchi nyingi. Ni masharti mawili, na wakili mgeni huyachanganya. "Wakati wa utumishi" huuliza saa, mahali na shughuli. "Kutokana na kazi" huuliza sababu. Mtu anayeanguka kwa kifafa akiwa kazini ametimiza sharti moja na huenda asitimize la pili, isipokuwa pengine kama alikuwa amesimama juu ya kiunzi cha ujenzi ambacho kazi ndiyo iliyompandisha.

Safari ya kwenda na kurudi kazini ni shamba jingine la ubishi. Katika sheria nyingi safari hiyo haifidiwi, isipokuwa kama mfanyakazi alikuwa katika chombo cha mwajiri au alitumwa. Ujerumani huifidia tangu mwaka 1925, na Mkataba namba 121 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1964, huzitaka nchi wanachama wake ziseme wazi ni kwa masharti gani ajali ya njiani huhesabiwa kuwa ya kazini. Kwa mteja aliyegongwa na gari saa moja asubuhi, uliza kama alikuwa amebeba chochote cha ofisi na kama alipita mahali kwa maagizo ya mkubwa wake. Jibu dogo huweza kubadili shauri zima.

Kuisoma ripoti ya daktari

Ripoti ya daktari hujibu maswali ambayo daktari aliulizwa, si yale ambayo wakili alitamani. Basi mwandikie barua yenye maswali ya wazi: hali hii imesababishwa, au imezidishwa, na kazi iliyoelezwa katika kiambatisho hiki? Je, imefikia kikomo cha kupona? Ni kazi gani ambazo mgonjwa hawezi tena kuzifanya? Ambatisha maelezo ya kazi uliyoyapata katika mahojiano. Usimwombe aongeze wala apunguze. Daktari aliyebembelezwa huporomoka anapohojiwa.

Uzito wa ushahidi unaohitajika kwa kawaida ni kwamba jambo lielekee kuwa kweli zaidi ya kutokuwa kweli, lakini madaktari wamelelewa katika sayansi inayotaka uhakika mkubwa kuliko huo, kwa hiyo huandika "yawezekana" pale ambapo wangeweza kwa haki kuandika "kuna uwezekano mkubwa zaidi". Waeleze kipimo cha kisheria kabla hawajaandika. Ni sehemu halali ya kazi yako.

Jifunze pia kusoma vipimo vyenyewe badala ya kutegemea hitimisho. Chukua mfano wa usikivu. Odiogramu, yaani mchoro wa kipimo cha usikivu, ya mtu aliyezeeka huonyesha mstari unaoteremka taratibu kuelekea masafa ya juu ya sauti. Ya mtu aliyeharibiwa na kelele za mashine kwa kawaida huwa na shimo karibu na hezi 4,000, kisha mstari hupanda tena kidogo kwenye hezi 8,000. Wakili anayelijua shimo hilo humwuliza daktari wa upande wa pili swali moja tu, kwa upole. Katika umri mkubwa alama hiyo huweza kufifia, na ndiyo maana vipimo vya zamani, vya miaka ya kazi, ni dhahabu; viombe kwa mwajiri mapema.

Magonjwa yana ugumu wake. Mesotelioma, saratani inayosababishwa na vumbi la asbesto, huweza kujitokeza miaka 20, 30 au 40 baada ya mtu kulivuta vumbi hilo, wakati kiwanda kimeshafungwa na wenzake wamekwisha kutawanyika. Hapo kazi yako hufanana na ya mwanahistoria: orodha za mishahara, picha za zamani, kumbukumbu za vyama, na wazee wanaokumbuka magunia yalipokuwa yakifunguliwa. Nchi nyingi zina orodha ya magonjwa yatokanayo na kazi, na Shirika la Kazi Duniani lina yake, iliyorekebishwa mwaka 2010. Ugonjwa ukiwa katika orodha ya nchi, mara nyingi mzigo wa uthibitisho hupungua. Usipokuwamo, huenda bado njia ipo, ila ni ndefu.

Hesabu, ambayo mawakili huikimbia

Fidia ni sehemu ya mshahara, hivyo anayekosea mshahara amekosea kila kitu. Mkataba namba 121 huweka kiwango cha chini cha asilimia 60 ya mapato ya rejea, yaani kipato kinachochukuliwa kuwa msingi wa hesabu, kwa ulemavu wa muda na ulemavu kamili wa kudumu katika hesabu zake za mfano. Ujerumani hulipa theluthi mbili ya mapato ya mwaka kwa aliyepoteza uwezo wote wa kufanya kazi. Lakini asilimia ya kitu gani?

Tuseme mfanyakazi hulipwa 400 kwa mwezi kama mshahara wa msingi, na kwa wastani hupata 120 za saa za ziada na 80 za posho ya zamu ya usiku. Mwajiri akiripoti 400, asilimia 60 ni 240. Jumla halisi ya 600 ingempa 360. Tofauti ya 120 kwa mwezi, kwa miaka kumi, ni 14,400, yaani mshahara wake wa msingi wa miaka mitatu, uliopotea kwa sababu hakuna aliyeomba hati za mshahara za miezi 12. Angalia sheria yako inahesabu posho zipi, kisha ziombe hati zote na ukae nazo mwenyewe na kikokotoo. Usimwachie karani.

Jambo la pili ni tofauti kati ya hasara ya mwili na hasara ya kipato. Jedwali linaweza kukadiria ncha ya kidole cha shahada kwa asilimia ile ile kwa watu wote, lakini mshona nguo na mlinzi wa lango hawakupoteza kitu kimoja. Sheria nyingine hufuata jedwali tu. Nyingine huruhusu hoja ya kipato. Pale inaporuhusiwa, itumie.

Malipo ya mkupuo nayo yanahitaji tahadhari. Mteja mwenye madeni huiona fedha ya mara moja kama ukombozi, na mara nyingine ni sawa, ila mwonyeshe kwa maandishi kile anachokiacha: malipo ya kila mwezi, na hasa matibabu ya baadaye. Goti bandia halidumu milele. Atakayelipia upasuaji wa pili baada ya miaka 15 ajulikane kabla ya sahihi kuwekwa.

Ada, wateja na mwenendo

Katika nchi nyingi ada ya wakili wa fidia hupangwa au kuidhinishwa na baraza, na makubaliano ya kulipwa sehemu ya tuzo huruhusiwa mahali fulani na kupigwa marufuku kwingine. Ijue kanuni kabla ya kumtajia mteja kiasi. Kwa kuwa ada ya shauri moja kwa kawaida si kubwa, ofisi huishi kwa wingi wa majalada, na wingi huo huhitaji utaratibu: karani hodari, barua za mfano zilizoandikwa vizuri, na kalenda ambayo watu wawili huikagua kila wiki. Usinunue wateja kwa madalali wanaozunguka wodini. Mbali na kukiuka maadili, mtu aliyeletwa na dalali huja na ahadi ambazo hukuzitoa wewe.

Wahadharishe wateja mapema kwamba huenda wakafuatiliwa na kupigwa picha. Mtu anayesema hawezi kuinua mkono, kisha akaonekana akimnyanyua mtoto wake, si lazima awe mwongo. Pengine alilala na maumivu usiku kucha. Lakini picha haionyeshi usiku. Mfundishe aseme "naweza, ila naumia baadaye" badala ya "siwezi kabisa", ikiwa huo ndio ukweli wake.

Shauri likimalizika, usiliharibu jalada. Sheria nyingi huruhusu kiwango cha ulemavu kupitiwa upya hali inapobadilika, na mteja aliyeondoka akitembea kwa fimbo huweza kurudi baada ya miaka michache akiwa kwenye kiti cha magurudumu. Siku hiyo utahitaji odiogramu zile, hati zile za mshahara na mchoro ule wa penseli, kwa hiyo andika juu ya jalada, kwa wino usiofutika, tarehe ya mwisho ya kuomba mapitio.